Waranti ya giaboksi isiyohusu giaboksi

Wasomaji wangu, najua nimepotea. Wiki tatu nzima kimya, wengine mlidhani nimebanwa na majaribio, kuna mmoja akauliza kama nimeolewa. Hakuna lolote! Nilikuwa gereji. Mtoto wa kike, mwaka wa tatu uhasibu, nimekaa juu ya tairi bovu kule Gerezani siku nne nikisubiri watu wazima wakubaliane kama giaboksi ni giaboksi.

Leo nina hasira, kwa hiyo nitaandika ndefu. Nipo kwenye kimbweta, upepo mzuri, wenzangu wamekwenda kula. Asiyependa habari za magari avumilie tu, maana hii ni habari ya hela zaidi kuliko magari.

Kisa chenyewe ni cha mjomba wangu. Mwaka jana alistaafu ualimu wa sekondari baada ya miaka 34 ya chaki. Kiinua mgongo kilipotoka, ndugu wakajaa sebuleni kama msiba. Kila mtu na wazo lake: kuku wa mayai, kiwanja Chanika, bodaboda tatu. Mjomba akawasikiliza wote, akawapa chai, akasema yeye atanunua gari la harusi. Gari jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, la kukodisha kila Jumamosi kubeba maharusi. Siku za kazi atalipumzisha chini ya turubai.

Msicheke. Kwa Dar es Salaam hilo siyo wazo la kipuuzi. Harusi hazijawahi kuisha mjini hapa, na bibi harusi hataki kushuka kwenye gari ambalo jirani yake analo. Mjomba ni mwalimu wa hisabati, akaandika hesabu yake kwenye karatasi ya mistari, vizuri, kwa kalamu mbili. Akanipa niipitie. Mimi nikaipitia na kuipigia vema! Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja: matengenezo, 150,000 kwa mwezi. Nikamuuliza, "Mjomba, hii inatosha kwa gari kama hili?" Akanijibu, "Mpwa wangu, lina waranti."

Nikanyamaza. Mwaka wa tatu uhasibu, nikanyamaza kwa sababu ya neno moja. Niliposikia waranti nikaona kama kuna mtu mwingine mahali fulani ameshalipa.

Gari likanunuliwa. La mwaka 2011, lilitokea Japani, dashibodi inasoma kilomita 78,000, milioni 39. Sitalitaja aina yake maana kosa siyo la kiwanda. Yadi nayo siitaji, ila wao wanajijua. Na kwa wale msiojua mambo yangu: bodi ya mikopo inanilipia sehemu ya ada, sehemu iliyobaki analipa mjomba. Kwa hiyo hilo gari lilipokuwa linapakwa nta pale yadi, na mimi nilikuwa nimo ndani yake, kwenye buti.

Wiki ya saba, Jumamosi, harusi ya Tabata kwenda ukumbini Sinza. Mbele kuna pikapu ya matarumbeta, nyuma msafara. Mjomba mwenyewe ndiye dereva, kavaa suti yake ya kuagwa. Taa zikawaka kwenye dashibodi kama mti wa Krismasi, gari likakataa kupanda gia. Limeng'ang'ania gia moja ya chini, linavuma tu. Kilichomwokoa ni matarumbeta, maana msafara ulikuwa unatembea mwendo wa konokono na watu wanacheza barabarani, hakuna aliyegundua kitu! Bibi harusi akafika. Kurudi nyumbani gari lilibebwa.

Fundi akalipima kwa kompyuta. Jibu: bodi ya umeme inayoongoza giaboksi imekufa. Inabidi ibadilishwe, halafu mpya ifundishwe kuongea na kompyuta ya gari. Spea, oili yake maalum, kazi ya fundi, jumla milioni 6 na laki nne.

Mjomba hakushtuka hata kidogo. Akafungua droo, akatoa karatasi ya waranti. Akanipigia simu nimsindikize, maana siku hizi ananiita "mhasibu wangu".

Sasa sikilizeni mazungumzo ya yadi. Nimeyaandika usiku uleule ili nisisahau.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu, karibu. Gari inasumbua?"

Mjomba akaeleza, akaweka karatasi mezani. Kijana akaisoma kama anaiona mara ya kwanza.

"Mzee wangu, waranti yetu ni injini na giaboksi."

"Ndiyo. Na iliyokufa ni giaboksi."

"Hapana mzee. Hiyo iliyokufa ni umeme. Umeme haumo."

Nikaingilia. Nikamwambia, kaka, hiyo bodi iko ndani ya giaboksi, imelala kwenye oili ya giaboksi, na huwezi kuitoa bila kufungua sampo ya giaboksi. Fundi alinionyesha kwa macho yangu. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Dada, wewe soma. Magari tuachie sisi."

Basi nimesoma! Nimesoma ile karatasi mara nne, nyuma na mbele, na sasa nitawasomea na ninyi.

Mbele, kwa herufi kubwa za dhahabu: WARANTI MIEZI 3 INJINI NA GIABOKSI. Nyuma, kwa herufi za kuchuchumaa: haihusu vifaa vya umeme, sensa na kompyuta za aina yoyote; haihusu shokapu na mfumo wa upepo; haihusu mipira, sili, mikanda na vitu vinavyolika kwa matumizi; inafutika gari likiguswa na fundi wa nje; matengenezo yatafanyika gereji ya yadi tu, na gharama za spea ni za mteja.

Rudieni hiyo ya mwisho. GHARAMA ZA SPEA NI ZA MTEJA. Yaani hata giaboksi yenyewe ingekatika vipande viwili, vyuma vikamwagika barabarani, wao wangetoa spana na kijana wa kuishika. Giaboksi unanunua wewe. Na kwa kuwa mjomba alishampa fundi wa nje alipime, tayari wanaweza kusema waranti imefutika. Hapo ndipo mzee wa watu alipoanza kukunja karatasi yake polepole.

Mimi nasema hivi, na atakayebisha abishe: waranti ya "injini na giaboksi" kwenye gari la kifahari lililotumika ni pambo. Imeazimwa kutoka kwenye magari ya zamani, enzi ambazo gari lilikuwa injini, giaboksi, na mabati ya kuvifunika. Kwenye gari lile ukisema injini na giaboksi umesema karibu kila kitu cha gharama. Gari la kifahari la leo ni kundi la kompyuta linalotembea. Kuna kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya usukani, ya milango, mpaka kiti kina kompyuta yake. Shokapu nyingine zinajazwa upepo na pampu, na pampu nayo inapokea amri kutoka kwenye sensa. Taa ya mbele moja inaweza kuwa na bei ya pikipiki. Injini yenyewe, ile chuma, mara nyingi ndiyo ya mwisho kufa. Kwa hiyo anayekupa waranti ya injini na giaboksi kisha akaondoa umeme, sensa na upepo, amekukinga na mvua kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Na wao wanajua. Ile orodha ya nyuma haikuandikwa na mtu mjinga. Imeandikwa na mtu anayejua vizuri kabisa ni nini kinakufa kwenye magari anayoyauza, akavitaja kimoja kimoja.

Mwenzangu wa chumbani, anasoma uhandisi, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Gari la kifahari likizeeka bei yake inaanguka, lakini bei ya spea haianguki. Likiwa jipya lilikuwa gari la mkurugenzi, na spea zake zilipangiwa bei ya mkurugenzi. Leo gari limeshuka hadi mwalimu mstaafu analifikia, ila ile bodi ya giaboksi haijui kama mwenye gari amebadilika. Bado inataka hela ya mkurugenzi. Ndiyo maana yale magari yanaonekana rahisi pale yadi. Bei imeshuka kwa sababu mwenye kwanza, huko alikokuwa, alishaona bili zinakuja akalitoa mapema. Rahisi ile ni ada ya kuingilia tu.

Hebu tuangalie hata waliolitengeneza wanasemaje. Kule Marekani, Mercedes-Benz na BMW wanatoa waranti ya gari jipya miaka 4 au maili 50,000, chochote kitakachotangulia. Lexus hivyohivyo, ila injini na giaboksi wanaongeza hadi miaka 6 au maili 70,000. Watengenezaji wa Kijapani nyumbani kwao kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa vifaa vya kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vile vikubwa. Na ya Kijapani haivuki bahari. Hata ndani ya Japani kwenyewe gari likibadili mwenyewe inabidi lipelekwe kwa wakala, likaguliwe, ndiyo waranti ihamie kwa mwenye mpya.

Sasa niambieni. Mwenye kiwanda, anayejua kila skrubu, mwenye vipuri stoo, akifika mwaka wa nne au wa sita anainua mikono. Halafu anatokea kijana mwenye kontena la ofisi na feni moja, anasema gari la mwaka 2011 "lina waranti". Waranti ya nani? Inasimama juu ya nini? Angekuwa mkweli angesema, "Mzee, hili gari ni la zamani, hakuna anayeweza kulidhamini, tenga milioni nane pembeni kabla hujaliwasha." Mjomba angemwelewa. Ni mwalimu wa hisabati! Angefuta ule mstari wa laki na nusu akaandika namba nyingine, na pengine angenunua kuku.

Ubaya wa waranti ile, hata kabla haijakataa kulipa, ilikuwa imeshamfanya mtu asitenge akiba.

Najua watetezi wa yadi watakuja. Nishawasikia, mmoja ni binamu yangu. Wanasema: ukinunua mtumba umenunua mtumba, ungetaka waranti ungenunua jipya. Hoja hiyo naikubali nusu. Hakuna anayedai gari la miaka kumi na kitu liwe kama jipya. Tairi likiisha, breki zikilika, betri ikifa, hiyo ni juu ya mwenye gari, na mtu akilia kwa hilo mwacheni alie. Lakini hoja hiyo inageuka pale muuzaji mwenyewe anapobandika neno WARANTI kwenye kioo ili auze. Kama ni mtumba, sema mtumba, uza kama mtumba, kwa bei ya mtumba. Huwezi kuchukua bei ya waranti mbele halafu ujifiche nyuma ya mtumba. Mjomba aliacha gari jingine la aina ileile, yadi ya jirani, lililopungua milioni mbili, kwa sababu lile "halina waranti". Yaani aliinunua ile karatasi milioni mbili taslimu.

Wanasema tena: karatasi aliisoma akasaini. Kweli alisaini. Alipewa ile ya nyuma baada ya kulipa, pamoja na funguo na kadi ya gari, na watu wanapiga picha. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka 34 hakusoma mistari kumi. Na mimi pia nilikuwepo, nikapiga picha. Hilo nalibeba.

Na kuna ile ya tatu, "lilikaguliwa". Karatasi ya mnada wa Japani ipo, daraja la 4, safi. Jamani, karatasi ya mnada ni kitu kizuri, ukiipata halisi na namba ya chesi ikilingana inakuonyesha kilomita za siku ile na kama gari liliwahi kupigwa; ukiona herufi R ujue lilishanyooshwa. Ila mkaguzi wa mnada anaangalia bodi, anaangalia ndani, anawasha injini anasikiliza. Hafungui giaboksi. Na ule ukaguzi wa ubora wa kuingiza gari nchini unaangalia kama linafaa kutembea barabarani kwa usalama. Breki, taa, moshi, tairi. Hakuna popote panaposema bodi ya giaboksi itaishi hadi harusi ya Tabata. Pale yadi vyeti hivi viwili vimewekwa kwenye fremu pembeni ya waranti, kama ndugu watatu. Siyo ndugu!

Haya, sheria. Nilimfuata rafiki yangu anayesoma sheria, yupo bweni la pili, anajifanya ana shughuli nyingi ila ukimpelekea chipsi anafungua kitabu. Akanisomea Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Hii sheria yetu ni ya kikoloni, ina sura ileile ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, enzi watu wananunua farasi. Na humo kuna jambo lililonifanya niache kutafuna.

Kwenye sheria ile kuna ahadi za aina mbili. Kuna sharti, na kuna dhamana, yaani waranti. Muuzaji akivunja sharti, mnunuzi anaweza kukataa bidhaa na kudai hela yake. Akivunja waranti, mnunuzi anabaki na bidhaa yake, anadai fidia tu. Mmeelewa? Kisheria waranti ndiyo ahadi DHAIFU! Tunalipia milioni mbili kwa neno ambalo kwenye kitabu limewekwa daraja la pili.

Zuri ni kwamba sheria hiyohiyo inasema, ukinunua bidhaa kwa maelezo yake kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa hizo, kuna sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Tena ukimweleza muuzaji unataka bidhaa kwa kazi gani, ukategemea utaalamu wake, kuna sharti kwamba ifae kwa kazi hiyo. Mjomba alimwambia kijana mbele yangu, "Nataka la harusi, litembee Jumamosi." Kijana akajibu, "Hili mzee utazeeka nalo."

Mabaya yapo pia, rafiki yangu hakunificha. Kama ulilikagua gari kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia. Kama umeshalipokea na kulitumia wiki saba, kulirudisha ni ngumu, unabaki kwenye fidia. Na sheria inaruhusu pande mbili kuyaondoa masharti hayo kwa makubaliano, ndiyo maana risiti zimejaa maneno ya "limeuzwa lilivyo" na "mali ikishauzwa hairudishwi". Akanionyesha na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Hapo tukakaa muda mrefu. Maana karatasi inayosema mbele "giaboksi" na nyuma "spea ni za mteja", kama siyo kupotosha basi sijui kupotosha ni nini.

Waingereza wenyewe waliotuachia ile ya farasi walishaiacha zamani kwa wateja wa kawaida. Tangu mwaka 2015 wana sheria nyingine: ukinunua kwa mfanyabiashara, hata gari lililotumika, una siku 30 za kulikataa likiwa na kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake! Sisi mzee mstaafu ndiye anazunguka na fundi kuthibitisha giaboksi ni giaboksi. Marekani nao, ambao kwa biashara siyo watu wa huruma, tangu miaka ya 1980 muuzaji wa magari yaliyotumika analazimishwa kubandika karatasi dirishani kwenye kila gari, inayosema wazi kama gari lina waranti au linauzwa lilivyo, na kama ipo inalipa asilimia ngapi ya kazi na asilimia ngapi ya spea. Dirishani, kabla hujatoa hela.

Ninachokidai mimi ni hicho tu, karatasi dirishani. Sidai serikali iwakataze watu kuingiza magari ya zamani kama Kenya walivyoweka mwisho miaka 8. Mjomba wangu naye ana haki ya kupanda ngozi. Lakini serikali yetu inajua vizuri kabisa kwamba gari kuukuu ni mzigo, ndiyo maana gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15, na likizidi 10 asilimia 30. Uzee wa gari umepigiwa hesabu forodhani, umelipiwa, umepewa risiti. Likitoka geti la bandari na kufika yadi, ghafla uzee haupo tena, kuna nta na herufi za dhahabu. Kama uzee unaweza kuandikwa kwenye fomu ya ushuru, unaweza kuandikwa na kwenye kioo.

Kwa mliopo njiani kununua (najua wapo, kuna wazazi wanaosoma hapa kimyakimya): ombeni ile karatasi KABLA ya kulipa, mrudi nayo nyumbani, mlale nayo. Angalieni imeandikwa kwa namna gani. Kuna waranti zinazotaja kilichomo, na kuna zinazotaja kisichomo. Inayotaja kilichomo, kila kisichotajwa ni chako. Inayotaja kisichomo, kila kisichotajwa ni chao. Hiyo ya pili ndiyo yenye nyama, na yadi nyingi hawatakupa. Ya mjomba ilikuwa na orodha zote mbili, mbele kilichomo na nyuma kisichomo, na katikati hapakubaki kitu. Ulizeni nani ananunua spea. Ulizeni kikomo cha fedha ni kiasi gani. Halafu mpelekeni fundi wenu na kompyuta yake kabla, siyo baada. Kupimwa kulimgharimu mjomba elfu hamsini. Yadi wakikataa gari lisipimwe, mmeshapata jibu bure.

Tumefikia wapi? Wiki iliyopita yadi walisema watamsaidia mzee "kiubinadamu", watoe fundi bure na spea anunue mwenyewe. Yaani ileile ya nyuma ya karatasi, ila sasa inaitwa ubinadamu! Binamu anasema achukue. Mama anasema achukue. Mjomba mwenyewe hasemi, ameanza tena kufundisha tuisheni ya jioni, wanafunzi sita barazani, na gari limelala chini ya turubai kama alivyopanga, ila siku zote saba.

Ada yangu bado haijakamilika. Nimeomba muda, nimepewa hadi wiki mbili kabla ya mitihani.

Jana usiku tuliandika barua, mimi, mjomba kwenye simu, na rafiki yangu wa sheria kwa chipsi mayai mbili. Inataja giaboksi mara kumi na moja. Nakala moja ya yadi, moja ya Tume ya Ushindani, moja yetu. Mjomba aliirudisha mara mbili kwa makosa ya koma. Jumatatu asubuhi naipeleka mwenyewe, nitasimama pale mpaka yule kijana aisaini nakala yetu kwamba ameipokea, na safari hii mimi ndiye nitakayemwambia asome nyuma.

Betri inakata, na foleni ya msosi imefika mlangoni. Nikirudi nitawaambia kilichotokea.